Bazamu ba usiku kwetu komini ya Kenya, Lubumbashi: nabapa nyota 4 juu ya 5

Kila nyumba ya avenyu yetu inatoa franka 10.000 kwa mwezi kulipa kampuni ya ulinzi, na myezi mbili ya kwanza mimi nilitaka tubafukuze. Bazamu bane, firimbi mu kinywa, banazunguka avenyu yote usiku kucha na babandi banapita paka nyuma yao. Mama jirani yangu anayeuzaka mikate balimukata panga ku mukono saa kumi na moja asubuhi juu ya telefone, nilimufunga na kitenge yangu tukisubiri pikipiki, na ile firimbi ilikuwa inalia ku barabara ya pili.

Kisha bakaleta shefu mupya. Yeye alifika na kaye (daftari) ya kuandika, akapita nyumba kwa nyumba: bilikufikia wapi? Saa ngapi? Balikuwa na silaha gani? Alafu akaenda mpaka ku dispansere, na hapa njo alinishinda roho, hakuuliza jina ya mutu, paka mahali, saa na silaha, juu bantu mingi banashonwa kidonda na habafike kabisa kwa polisi. Anasema njia hiyo ilianzishwa na munganga moya wa Cardiff kule Wales, Jonathan Shepherd, na utafiti wa 2011 ulionyesha bantu ba kulazwa juu ya kupigwa balipunguka 42% ukilinganisha na miji ingine ya kufanana.

Ile kaye ikatoa nafasi mbili tu, kona ya transfo na njia ya nyuma ya soko, saa kumi mpaka kumi na mbili asubuhi. Sasa zamu anasimama pale dakika 10 ao 15, anaondoka, anarudi saa yenye hakuna anajua, ile muda batafiti balipimaka Minneapolis kule Marekani, bakaona njo inafaa. Kuzungukazunguka kwetu kwa zamani, polisi ya Kansas City, nayo ya Marekani, ilijaribu na magari 1972 mpaka 1973, doria mingi ao hakuna doria, uhalifu ulibakia ule ule.

Tangu Pasaka mama wa mikate anapita pale kona na beseni yake ku kichwa, bwana yake hamusindikize tena.

Nyota moya nimeikata juu siku ya mvua habaandike kitu, banasema kaye italowana, na babandi banapendaka mvua. Shefu, tafuta mufuko ya plastiki, sisi tutalipa.