Programu za kuandaa ritani ya kodi mwenyewe: nilizojaribu hapa Moshi na niliyobaki nayo

Ukiingia Google ukatafuta programu ya kuandaa ritani ya kodi ya mapato, yani ile taarifa ya mwaka ya mapato na kodi yako, wa kwanza kukupokea ni TurboTax, anafuata H&R Block, alafu FreeTaxUSA. Nzuri kwa wenyewe, ila zimetengenezwa kwa ajili ya Marekani, zinajua fomu 1040 na tarehe 15 Aprili, hazijui TIN yako (namba ya mlipakodi) wala 30 Juni, ambayo ndo mwisho wetu wa kupeleka ritani. Nalisema mapema kwa sababu kuna jirani yangu alishaanza kuulizia kadi ya kulipia. Huku kwetu ritani ya mtu binafsi mwenye biashara unaijaza kwenye mfumo wa TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, mtandaoni, unaingia na TIN na nywila yako, hulipii kitu. Programu unayoitafuta kazi yake inaishia kukupa namba za kwenda kujaza kule. Ukishalielewa hilo nusu ya matangazo utayapita bila kugeuka.

Na kama umeajiriwa tu, huna duka wala pango, mwajiri anakata PAYE (kodi ya mshahara) mambo yameisha, we endelea na shughuli zako.

Mi nakodisha gea za mlimani hapa Moshi mjini, slipingi begi, majaketi, buti, fimbo, wateja ni wageni na wagumu wanaopandisha mizigo. Hela inaingia keshi, inaingia kwa lipa namba, zamani ilikuwa inaingia na dola mpaka kanuni za 2025 zilipozuia bei na malipo ya fedha za kigeni hapa ndani. Mali nyingine nanunua Kiboroloni kwa watu wa mitumba ambao ukimuomba risiti anakuangalia kama umemtukana. Kwa hiyo programu yoyote naipima kwa vitu vitatu: inabeba vipi biashara ya sizoni, inanitunzia kumbukumbu bila kuning'ang'ania na malipo ya kila mwezi, na viwango vya kodi naweza kubadilisha mwenyewe au vimefungiwa ndani.

Hicho cha mwisho kiliniuma kwenye aplikesheni moja ya simu, jina naliacha, ambayo imejitangaza kuwa inakokotoa kodi ya Tanzania. Naweka namba naona jibu haliendani na nililopiga kwa kalkuleta, kumbe daraja la kwanza linalotozwa kodi bado wameweka asilimia 9 wakati toka Julai 2021 ni asilimia 8. Nikawaandikia, kimya. Na bado walikuwa wanaamini kikomo cha kuhesabiwa mfanyabiashara mdogo ni mauzo ya milioni 20 kwa mwaka, kitu ambacho Sheria ya Fedha ya 2019 ilishakipandisha mpaka milioni 100. Sheria ya Fedha inakuja kila mwaka na huwa inaanza Julai mosi, sasa programu ambayo mwenyewe hagusi tena ni hatari kuliko daftari la kaunta buku, maana daftari halijifanyi linajua.

Tukija kwenye zile kubwa, QuickBooks Online ndo kila mtu anaitaja. Ni ya kampuni ya Intuit, hao hao wenye TurboTax, na nadhani hapo ndo watu wanachanganya wakidhani itawatolea na ritani. Haikutolei. Ila kama kitabu cha hesabu ni tamu sana, ankara unatuma kwa simu, risiti unapiga picha inakaa na muamala wake, na kama mhasibu wako yuko Arusha na we uko Marangu wote mnaona kitu kimoja kwa wakati mmoja. Shida yake kwa mtu wa saizi yangu ni kwamba unalipia kila mwezi, sizoni ipo au haipo, na mwezi wa nne na wa tano huku mvua inapiga mlima hauonekani na mteja haonekani. Ukiacha kulipia huwezi tena kuingiza kitu, na sheria ya usimamizi wa kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Sasa piga hesabu unalipia miezi mingapi ili tu kabati lisifungwe. Ukiitumia basi kila mwisho wa mwaka toa faili zote weka kwako. Kwa kampuni ya utalii yenye magari na madereva na ofisi mbili ningesema ichukueni, kwa duka langu ni suti ya harusi kwenda nayo shamba.

TallyPrime inatoka India na wenye maduka ya hadiwea na jumla huku Kaskazini wengi wako nayo, hata kumpata binti anayeijua ni rahisi kwa sababu vyuo vya uhasibu wanaifundisha. Inakaa kwenye kompyuta yako, bando likiisha kazi inaendelea, umeme ukikatika laptopu ina chaji unaendelea. Stoku inaibeba vizuri kuliko zote nilizogusa, na madeni ya mali kauli unaona nani anadaiwa toka lini. Sura yake ni ya kizamani, inataka uzoee kubonyeza kiibodi bila mausi, wiki za kwanza utaichukia. Ni ya Windows tu. Kwa anayenunua na kuuza, mzigo unaingia unatoka, hiyo ndo ningemwambia aanze kuifikiria. Mimi jaketi linatoka leo linarudi baada ya siku 7 likiwa na tope, stoku ya namna hiyo Tally inataka uipindishe pindishe.

Wave ambayo utaiona inasifiwa kuwa ya bure, waliacha kupokea wateja wapya nje ya Marekani na Kanada, pita. GnuCash ni ya bure kweli, ipo toka 1998, inakaa kwenye kompyuta yako na hakuna anayekudai kitu. Inakutaka ujue debiti na krediti, ukiwa unajua utaipenda.

Niliyobaki nayo mimi ni Google Sheets, yale majedwali ya hesabu ya Google. Najua mtu atacheka. Subiri nieleze.

Kazi ngumu ya kodi ya biashara ya sizoni haiko 30 Juni, iko 31 Machi. Ndo mwisho wa kupeleka makadirio ya mwaka, alafu unalipa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Machi mvua ndo inaanza, umetoka kwenye hela ya Januari na Februari, na sizoni kubwa ya Julai mpaka Oktoba hujui itakuwaje. Watu wanaandika namba ndogo ya kujihurumia. Sasa tazama inavyokula. Mtu anaelipa kwa hesabu za faida, amekadiria faida milioni 7: hapo kodi ni 240,000 ya daraja la chini jumlisha asilimia 20 ya kinachozidi 6,240,000, jumla 392,000, kila awamu 98,000, anatabasamu. Sizoni inakuja nzuri, faida inaishia milioni 10. Kodi inakuwa 816,000 jumlisha asilimia 25 ya kinachozidi 9,120,000, yani 1,036,000. Faida imepanda hata nusu haijafika, kodi imepanda zaidi ya mara mbili na nusu, kwa sababu madaraja yanapanda nayo. Na sheria inasema makadirio yakiwa chini ya asilimia 80 ya kodi halisi unatozwa riba, huyu yuko kwenye asilimia 38 hivi.

Dawa yake ipo, makadirio unaruhusiwa kuyarekebisha katikati ya mwaka. Lakini lazima kuna kitu cha kukushtua mapema. Kwenye sheet yangu kuna safu ya mauzo ya kila mwezi ya mwaka jana, pembeni ya mwaka huu, na seli moja inayogawanya kodi niliyokadiria kwa kodi inayoonekana inakuja, ikishuka chini ya 0.8 inageuka nyekundu. Nikifunga hesabu za Agosti naiangalia kabla ya awamu ya Septemba. Kwa mfano wa yule jamaa, akirekebisha faida kuwa 9,120,000 bado anakosa kidogo, asilimia 79 kasoro, akiweka milioni 9 na nusu anavuka na nafasi inabaki. Hiyo seli hakuna programu ya kununua iliyonipa ikiwa tayari, kwa sababu hazijui kanuni ya asilimia 80 ya Tanzania.

Uchakavu nao hivyo hivyo. Programu nyingi ukiziacha zenyewe zinagawanya bei ya kitu sawa sawa kwa miaka utakayoitaja, wakati kwa kodi yetu vitu vinakaa kwenye makundi na vingi vinapunguzwa kwa salio linaloshuka, kompyuta asilimia 37.5, samani za ofisi asilimia 12.5. Laptopu ya 1,200,000 mwaka wa kwanza inakupa 450,000, inabaki 750,000, mwaka wa pili 281,250, na kuendelea. Kwenye sheet ni fomula moja unaivuta chini. Kwenye programu kubwa unatunza hesabu mbili, ya vitabu na ya kodi, ambayo mhasibu kwake ni kawaida ila we wa duka utachoka.

Alafu kuna swali linatakiwa kuja kabla ya yote na watu wanaliruka: wewe uko kwenye kodi ya mauzo au ya faida? Mdogo ambaye mauzo hayazidi kikomo anawekwa kwenye utaratibu wa kulipa kwa mauzo, na kwa viwango vya Sheria ya Fedha ya 2022 anayezidi milioni 11 ni asilimia 3.5 ya mauzo. Ukiuza milioni 40 ni 1,400,000, faida ipo haipo. Sasa kama faida yako halisi ni milioni 5, kwa madaraja ya faida kodi ni 140,800. Sheria inampa mtu nafasi ya kuchagua kutoka kwenye utaratibu huo, lakini huko unakoenda unatakiwa uwe na hesabu zinazosimama, na risiti. Hapo wale wa Kiboroloni wanarudi kukuumiza kichwa, mi sahivi nikinunua kwa mtu wa mitumba tunaandikishana, jina, simu, kiasi, na nalipa kwa simu ili muamala ubaki, na mizigo mikubwa nahama kwa mwenye EFD (mashine ya risiti za TRA) hata akizidisha bei kidogo. Lakini kuna mwenye faida nono, unakuta kodi ya mauzo inamfaa zaidi, huyo programu yake ni karatasi moja ya mauzo, asimsikilize mtu wa kumuuzia kitu.

Kitu kingine nilichoongeza kwenye sheet ni safu ya pango. Mwenye biashara ukipanga fremu unatakiwa ukate asilimia 10 ya kodi ya zuio kwenye hela ya mwenye nyumba uipeleke TRA, na baba mwenye nyumba wa huku, hasa mzee, hataki kusikia. Kubaliana naye siku ya mkataba, siyo siku ya kulipa. Programu yoyote utakayochukua hakikisha ina sehemu ya kuonyesha kodi ya zuio, iwe uliyokata wewe au uliyokatwa, maana uliyokatwa na cheti chake unacho inapunguza unachodaiwa mwisho wa mwaka.

Kasoro za Sheets ni nyingi na sizifichi. Mtu mwingine akigusa fomula huoni mpaka siku jibu linapokuwa la ajabu, kwa hiyo nimefunga seli zote za fomula na kijana wangu wa dukani anaona ukurasa wa kuingiza mauzo tu. Viwango vya kodi vyote viko ukurasa mmoja peke yake, Julai nakaa na tangazo jipya nabadilisha pale pale mara moja. Simu ndogo inasumbua kwenye safu nyingi. Na biashara ikikua sana hesabu za kujitengenezea haziwi tena za kutosha, hapo unatafuta mhasibu mwenye CPA (cheti cha juu cha uhasibu) na atakuambia yeye anatumia nini, usinunue kabla yake.

Kuna njia ya kwenda steshenari, kijana anakujazia ritani kwa hela ya soda mbili tatu. Sina ugomvi na vijana wa steshenari, wana kasi kweli. Ila anakuuliza tu "tuweke ngapi mkubwa?" alafu nywila yako inabaki kwenye kompyuta ya watu wote. Ukienda, nenda na karatasi yako imekamilika, namba zote umezitoa mwenyewe, bonyeza mwenyewe ama kaa pembeni yake, toa kontroo namba ulipie kwa simu au benki, alafu badilisha nywila jioni hiyo hiyo.

Kwa ufupi wa maksi: Sheets naipa 8 kwa 10 kwa biashara ya saizi yangu, Tally 7 ambayo kwa mwenye stoku ingekuwa 9, GnuCash 7, QuickBooks Online 6 kwangu na 8 kwa mwenye kampuni. Ile aplikesheni ya asilimia 9 haina maksi. Na wale wanaouziwa Tally ya kukrakiwa kwenye flashi kwa elfu ishirini, mi hesabu zangu za miaka mitano siwezi kuziweka kwenye kitu ambacho sijui kimefunguliwa na nani.