Kamera za nje ya nyumba: za waya au za betri?

Kamera ya waya hupata umeme na kupeleka picha kwa kebo moja ya mtandao, hadi mita 100. Hurekodi usiku na mchana hata intaneti ikipotea, kwa kuwa picha huhifadhiwa kwenye kinasa, yaani kifaa cha kurekodi, kilichomo ndani ya nyumba. Umeme ukikatika, hata hivyo, nayo huzima isipokuwa kinasa kina betri ya akiba. Kazi kubwa ni kutoboa kuta na kupitisha kebo darini.

Ya betri hufungwa kwa skrubu chache tu. Lakini ili kutunza chaji hulala mpaka ihisi mwendo, na mtu mwenye haraka anaweza kuvuka nusu ya ua kabla haijaamka. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Kuta nene nazo hudhoofisha Wi-Fi ambayo kamera hii hutumia kupeleka picha.

Kwa geti na mlango wa nyuma ningefunga ya waya bila kusita. Ya betri ningeiachia banda la mbali, au nyumba ya kupanga ambako huruhusiwi kutoboa. Yoyote utakayochagua, ifunge kimo cha mita 2.5 hadi 3. Ikipanda zaidi utaona kofia, si sura.