Nimetumia VPN miezi mitatu, haya ndiyo niliyokutana nayo

Siku moja nilikaa sehemu yenye Wi-Fi ya bure, nikafungua akaunti yangu ya benki, na nilipomaliza ndipo nikajiuliza: hivi hii Wi-Fi ni ya nani? Usiku huohuo nikapakua VPN ya kwanza kuiona, yaani programu inayosimba data yako (kuigeuza isisomeke) na kuipitisha kwenye seva, kompyuta ya mwenye VPN. Ya bure, nyota kibao, picha ya ngao.

Kabla haijaunganisha, simu ikaleta onyo kwamba programu hii inataka kuweka muunganisho utakaoiwezesha kufuatilia shughuli zangu za mtandao, nikubali tu kama ninaiamini. Nikabonyeza sawa bila kusoma, kama tulivyozoea. Kesho yake ikaniomba ruhusa ya kuona majina yote niliyohifadhi kwenye simu. VPN inataka namba ya shangazi yangu ya nini? Nikaifuta, na sasa nikalikumbuka lile onyo.

Maana onyo lilisema kweli. Ukiwasha VPN, kampuni inayokuuzia intaneti inabaki kuona kwamba umeunganishwa na seva fulani na data inapita. Majina ya tovuti unazotembelea, ambayo zamani iliyaona yenyewe, sasa anaweza kuyaona mwenye VPN. Umehamisha imani tu kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, na yule wangu wa bure nisingemwachia hata baiskeli anishikie. Kuhusu benki nilikuwa nimeogopa kupita kiasi: tovuti ya HTTPS (ile ambayo anwani yake huanza na https) husimba nywila kabla haijatoka kwenye simu, kwa hiyo mwenye Wi-Fi angejua nimeingia benki gani, basi.

Nikalipia nyingine, mwezi mmoja mmoja. Kuiwasha ni kitufe kimoja. Kosa langu lilikuwa kuchagua seva ya nchi ya mbali kabisa kwa mbwembwe tu, video zikawa zinakwama kila baada ya sekunde chache. Nilipohamia seva ya karibu na kuchagua itifaki (utaratibu ambao VPN huutumia kuunganisha) ya WireGuard badala ya OpenVPN, tofauti ya kasi sikuiona tena. WireGuard ni changa, iliingizwa kwenye mfumo endeshi wa Linux mwaka 2020, wakati OpenVPN ipo tangu 2001. Kwenye simu yangu WireGuard inaunganisha kufumba na kufumbua.

Kilichoniudhi hasa ni hiki. Niliondoka kwenye Wi-Fi, simu ikahamia kwenye bando, na ile alama ndogo ya ufunguo juu ya kioo ikapotea. Sikuiona. Baadaye nilipoingia tovuti inayoonyesha anwani ya IP (namba inayotambulisha muunganisho wako wa intaneti), nikakuta ni yangu halisi, imekaa hadharani kwa muda nisioujua. VPN ilikuwa imekatika na intaneti ikaendelea kama kawaida! Dawa ipo kwenye mipangilio ya Android: unaiambia iwashe VPN muda wote na izuie intaneti VPN inapokuwa haipo. Kwangu vyote viwili vilikuwa vimezimwa, na programu haikuwahi kunidokeza.

Matangazo? Yako palepale. Nilitafuta viatu nikiwa nimewasha VPN, na viatu vikanifuata wiki nzima. Niliingia kwa akaunti yangu ileile na kivinjari kina kuki zilezile (vifaili ambavyo tovuti huviacha humo ili zikutambue), sasa VPN ingenificha vipi wakati nimejitambulisha mwenyewe mlangoni? Juu ya hapo baadhi ya tovuti zinanishuku kwa kuwa IP hiyo tunaitumia watu wengi, basi kila mara nichague picha zenye taa za barabarani ili kuthibitisha kwamba mimi si roboti.

Bado naendelea kulipia, kwa ajili ya Wi-Fi za watu na kwa sababu sipendi kampuni ya intaneti iwe na orodha ya kila ninachofungua. Ila programu ya benki haitaki VPN kabisa. Nikaiweka kwenye orodha ya programu zinazopita nje ya VPN, na kile kizuizi cha Android kikaikatia intaneti moja kwa moja. Kwa hiyo nikitaka kuangalia salio, naingia mipangilio, nazima kizuizi, nazima VPN, halafu nafungua benki hivyohivyo kama siku ile ya kwanza, safari hii kwa bando langu.