Fundi wa uzi pale Tandika: kama pikipiki yako inavuta upande mpelekee huyu kwanza

Wakuu, hii ni kwa wenye pikipiki zinazovuta upande, hasa nyie mnaopiga kazi Kilwa Road na mizigo mizito. Kuna gereji ndogo Tandika, Dar, haina hata bango, ila ukiuliza fundi wa uzi unaonyeshwa. Kazi yake kubwa ni pikipiki zilizopinda. Nampa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoikata nitaeleza huko chini.

Boxer yangu ilikuwa ili iende moja kwa moja lazima usukani uulaze kushoto kidogo, ukiunyoosha tu chombo kinaanza kuhama barabara, alafu tairi la nyuma linalika upande mmoja na meno ya sproketi yameanza kuchongeka ubavuni. Gereji ya kwanza niliyoipeleka waliitazama kwa macho wakasema fremu imepinda, iache hapa tuipige moto tuinyooshe. Hakuna aliyeshika hata futi, yaani unataka kuchoma chesisi ya mtu bila kupima! Nikaondoka nayo.

Huyu mzee wa Tandika fremu kwake ndo kitu cha mwisho kukilaumu, anaanza na vitu vidogo. Kwanza upepo, maana tairi lenye upepo mdogo peke yake linatosha kuifanya pikipiki iwe nzito upande. Alafu anaiweka stendi kubwa, anazungusha gurudumu huku ameshikilia kipande cha waya karibu kabisa na rimu, kama rimu inayumba utaona nafasi inafunguka na kujifunga. Anagonga spoki moja moja kwa spana akisikiliza, iliyobana inalia vizuri, iliyolegea haina mlio. Nyuma nilikuwa na kadhaa zimelegea upande wa cheni, akazibana. Akatikisa magurudumu kushoto kulia kuangalia beringi na bushi za suingamu (ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma), akainua mbele akazishika shokapu kwa chini akawa anazivuta na kuzisukuma kusikia kama shingo (pale usukani unapoingia kwenye fremu) inagonga, akazungusha usukani polepole kuona kama unajishika pale katikati, maana gololi za shingoni zikishachimba njia yao usukani unakuwa kama una ngazi. Yangu ilikuwa salama.

Sasa uzi. Hapa ndo pesa yangu niliiona imefanya kazi. Alisimamisha pikipiki wima kwa mbao, akafunga uzi wa nailoni nyuma ya tairi la nyuma, akauleta mbele pande zote mbili, chini ya ekzosi usiguse kitu, akauvuta mpaka ukagusa ubavu wa tairi la nyuma sehemu mbili, nyuma na mbele. Tairi langu la nyuma ni 3.00 na la mbele 2.75, hizo ni inchi, kwa hiyo la nyuma ni pana kwa kama milimita 6, ina maana kila kitu kikiwa sawa uzi utapita pembeni ya tairi la mbele ukiwa umeachia kama milimita 3 kila upande. Kwangu? Uzi wa kulia uligusa tairi la mbele kabisa, wa kushoto ukabaki na nafasi ya kupitisha kidole kizima. Mwenyewe nilichuchumaa nikaona.

Na kumbe sababu ni ndogo. Alipima kutoka kati ya bolti ya suingamu hadi kati ya ekseli ya nyuma, kulia na kushoto, tofauti ilikuwa milimita 2 tu. Ila alama zile za kurekebishia cheni zilikuwa zinasoma sawa pande zote! Akanieleza zile alama mara nyingi hazina uhakika, na suingamu ikishazeeka ndo kabisa usiziamini. Milimita 2 za nyuma, ukizipeleka mpaka gurudumu la mbele zinafika zaidi ya sentimita nzima. Ndo maana tairi lilikuwa linalika na cheni inakula sproketi kwa ubavu. Kwa hiyo nyie mnaokaza cheni wenyewe kijiweni, pimeni kwa futi jamani, msitegemee zile mistari.

Usukani nao ulikuwa na lake. Shokapu za mbele zilikuwa zimejinyonga kwenye vile vyuma viwili vinavyozishika juu na chini, kitu kinachotokea hata kwa mweleka mdogo tu wa kulalia ubavu. Akazichomoa, akaviringisha mabomba juu ya kioo kinene akitazama mwanga kwa chini, hayakupinda. Akarudisha, akalegeza bolti, akabana gurudumu kwa magoti akanyoosha usukani, akazipampu shokapu mara kadhaa zikae zenyewe, ndo akakaza. Hakuna spea hata moja iliyonunuliwa.

Fremu aliipima mwisho. Timazi ya mafundi ujenzi kwenye gurudumu la mbele mpaka lisimame wima, alafu timazi hiyohiyo nyuma, kama la nyuma limeinama wakati la mbele limesimama basi fremu au suingamu imejinyonga. Alafu anapapasa na tochi pale shingo ilipochomelewa, rangi ikiwa imepasuka au bomba la chini yake lina mkunjo, hiyo iligonga kitu uso kwa uso. Hiyo hanyooshi, anakwambia ukweli ubadilishe, na anakukumbusha namba ya chesisi imegongwa kwenye fremu yenyewe kwa hiyo TRA (mamlaka ya mapato, ndo wanaosajili vyombo) lazima uende, usije ukakamatwa na chombo chenye namba zisizolingana na kadi.

Bei, ukaguzi wote ni 10,000 na akifanya kazi anaiingiza humohumo kwenye ufundi. Kwa unachopata ni bei ya haki kabisa.

Nyota niliyoikata ni ya muda. Yuko peke yake, anashika pikipiki moja mpaka aimalize, hapokei miadi, na kwa mtu mwenye hesabu ya bosi kukaa pale nusu siku juani inauma. Pia haandiki vipimo popote, ni vyema upige picha mwenyewe ili siku nyingine ujue pa kuanzia. Wahini asubuhi, na ioshweni kwanza, tope likiwa kwenye rimu anakurudisha.

Mi narudi wiki ijayo akanibanie spoki tena, maana zikishabanwa upya zinalegea kidogo zikianza kubeba mzigo, na hiyo ya kurudia halipishi.