Viatu vya ngozi vya shule na kazini: kabla hujalipa, ingiza kidole gumba kisiginoni

Januari hii shule hazijamaliza wiki mbili tangu zifunguliwe, mwanangu wa darasa la tano akarudi nyumbani kiatu kimoja kakivaa kingine kakishika mkononi. Mvua ilikuwa imepiga mchana, ile ya Dodoma inayokuja bila kubisha hodi, na kutoka barabarani mpaka kwetu Nkuhungu kuna mahali huwezi kupita bila kukanyaga maji. Soli imeachia mbele mpaka katikati, mdomo wazi. Nilivinunua elfu 38 na muuzaji aliniapia kwa jina la Mungu kwamba mama hii ni ngozi tupu.

Nikavuta ile ngozi nyembamba ya kukanyagia nione pameachiaje. Jamani. Chini yake kulikuwa na boksi. Boksi la kaki lile la kubebea bidhaa dukani, limekatwa kwa umbo la mguu, na upande wa kisigino nusu ya herufi nyekundu bado inaonekana. Limelowa limekuwa kama uji, nikiligusa linabaki kwenye kidole. Mtoto ananiangalia, ananiuliza mama kesho navaa nini.

Nilikipiga picha nikaiweka status, nikaamka na meseji nyingi, wengi wamepigwa hivohivo, mwalimu mmoja wa Chamwino kaniambia darasani kwake anawajua watoto waliovaa viatu vya boksi kwa namna wanavyoburuza miguu ikifika Februari. Kwa hiyo huu mwongozo ni wa kitu kimoja tu. Rangi, saizi, mtindo, hayo kila mtu ana macho. Hata hiyo habari ya kuwasha kiberiti ili ujue kama ni ngozi naomba muiache, unaunguza mali ya mtu na hujapata jibu, maana ngozi nyingi zimepakwa rangi ya plastiki juu na zenyewe zitanuka plastiki. Tunahangaika na kilicho nje ya kiatu, wakati kinachoua kiatu kiko ndani.

Nilivipeleka viatu kwa kaka mmoja anayeshona viatu huku mtaani kwetu. Huyu kaka ufundi wake kajifunzia gerezani, mwenyewe anasema wazi, alikaa ndani miaka minne akatoka anajua kukata ngozi, kushona na kuweka soli. Ndo alonielezea nikaelewa. Soli haishikani na ile ngozi ya juu peke yake. Ngozi ya juu inakunjwa inaingia chini, inagandishwa kwenye ule ubao wa ndani, alafu soli ndo inakuja kushikwa kwa uzi au gundi. Sasa ubao wa ndani ukiwa ni boksi, uzi uwe mzuri namna gani, gundi iwe ya wapi, hakuna cha kushika. Na wala usisubiri mvua, jasho la mguu peke yake linatosha. Mtoto anavaa kiatu kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni na jua letu hili, mguu unatoa jasho kutwa, boksi linakunywa, usiku linakauka, kesho linakunywa tena. Mwezi mmoja basi.

Namna ya kupima ni hivi. Ingiza mkono ndani ya kiatu mpaka kisiginoni, nyanyua kidogo ule mfuniko wa kukanyagia, mara nyingi pale nyuma haujagandishwa sana. Lowesha kidole gumba, sugua ule ubao wa chini mara kumi hivi kwa nguvu. Ukitoka na nyuzinyuzi za karatasi au kidole kikapata ule uji wa kaki, rudisha kiatu mezani ondoka. Upo ubao halali wa viatu ambao nao asili yake ni karatasi au nyuzi zilizoshindiliwa, lakini wenyewe ukiusugua na maji unabaki mgumu, hauachii kitu. Alafu geuza kiatu, bonyeza pale nyuma ya kisigino kwa kidole gumba kutokea nje. Kizuri kinabonyea kidogo kinarudi palepale. Cha boksi kinabaki na shimo au kinalia kwa! kama umevunja kijiti. Muuzaji akikukataza kubonyeza ushapata jibu lako.

Sasa nipange, kuanzia vilivyo bora kwenda chini.

Ya kwanza ni Karanga, na nasema wazi naipenda na hakuna mtu kanilipa. Ni viatu vinavyotoka Moshi, kiwanda kipo pale gereza la Karanga. Ufundi wa viatu pale ni wa tangu miaka ya 1970, wafungwa wanashona chini ya mafundi wa Magereza, na baadae Shirika la Uzalishaji Mali la Magereza, SHIMA, likaungana na PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, wakajenga kiwanda kipya kikubwa ambacho Rais Magufuli alikizindua Oktoba 2020. Wanatoa viatu vya shule, vya ofisini, buti za askari, mikanda.

Mume wangu ana pea moja nyeusi ya kazini ya mwaka 2021. Anavivaa kule Mtumba, kwenye mji wa Serikali, kila siku ya kazi, na mnajua vumbi la kule na ujenzi ule. Mwaka jana soli ilikuwa imelika upande, tukampelekea yule kaka abadilishe. Alipofungua aliniita nije nione mwenyewe. Ubao wa ndani mgumu, rangi ya kahawia iliyokolea, mashimo ya uzi bado ni ya duara kabisa hayajachanika, na pembeni kuna mstari mweupe wa chumvi ya jasho la miaka mitatu lakini ubao wenyewe haujafumka. Aliupitisha kidole akanyamaza kidogo, alafu akasema anaijua hiyo kazi. Akanieleza kule gerezani ukikosea mshono mmoja msimamizi hakwambii uendelee, unafumua wote unaanza upya, hata kama ni jioni. Mimi siku ile nilielewa kwa nini navipenda. Mtu aliyeshona hana haraka ya kuuza leo apate hela ya kula leo, anashona mpaka mkono unajua. Na siku akitoka anatoka na kazi mikononi, huyu kaka ana wateja toka Nkuhungu mpaka Kizota, watoto wake wanasoma, ofisi yake ni mwavuli na kiti cha mbao.

Kwa sisi wa Dodoma nafasi nzuri ni maonyesho ya wakulima ya Nane Nane pale Nzuguni, nenda banda la Magereza. Nenda siku za mwanzo, usisubiri tarehe 8 yenyewe ambapo watu wamejaa huwezi hata kuinama ujaribu kiatu. Mimi sasa nanunua vya Januari mwezi wa nane, nachukua saizi moja juu, naweka gazeti ndani nafunika. Ukiwa pale angalia na mikanda, na vitu vingine vya mikono ya wafungwa, samani za mbao hasa, viti na makabati, shika mbao uone uzito wake.

Kwenye mkanda mtego ni uleule wa boksi. Mikanda mingi ya mjini ni ngozi mbili nyembamba, katikati karatasi. Usiangalie juu panapong'aa, chungulia kwenye yale matundu ya kufungia. Ukiona kijivu chenye manyoya kimetokeza, ni karatasi, na utakatikia palepale unapokunja kwenye chuma. Mkanda wa ngozi moja nzima, tundu lake linaonyesha rangi moja toka juu mpaka chini.

Ya pili ni fundi wako wa mtaani, kwa oda. Naiweka ya pili na siyo ya kwanza kwa sababu inategemea fundi, na inategemea ngozi aliyoipata. Mkoa wetu umejaa ng'ombe na mbuzi, mnadani wanapita kila wiki, lakini ngozi nyingi zimeharibika mnyama akiwa bado hai, makovu ya kupe, chapa za moto ubavuni, visu vya machinjioni. Muombe fundi akuonyeshe ngozi kabla hajakata, itandaze juani, inyooshe kwa mikono miwili. Kovu linafunguka, na pale ndo maji yatapita. Angalia na ule ukingo uliokatwa. Ukiwa na rangi ya bluu au kijivu katikati, ngozi imelainishwa na dawa ya kromu, hiyo ni nzuri kwa sehemu ya juu, inavumilia maji. Ukiwa kahawia mpaka katikati ni ya dawa ya miti, maganda ya miwati ile inayolimwa Njombe, hiyo ndo nzuri kwa ndani inapokanyaga nyayo kwa sababu inakunywa jasho na inakauka bila kufumka. Mwambie fundi wazi: ndani niwekee ngozi, usiniwekee boksi. Ukinyamaza atakuwekea boksi, siyo kwa ubaya, ndo kawaida ilivyo. Kuhusu hela toa nusu, nyingine siku ya kuchukua, na siku ya kuchukua nenda na kidole chako. Ngozi inayonuka vibaya hata ikiwa kavu haijaiva, siku ya mvua itanuka darasa zima, mtoto ataaibika bure.

Ya tatu mtumba. Mtumba wa ngozi wakati mwingine unapata kiatu ambacho hapa dukani kipya ungelia, ndani ngozi, juu ngozi, kimeshonwa. Shida yake moja, kiatu kikikaa miaka mingi bila kuvaliwa soli za yale mapovu laini zinaoza zenyewe, unavaa siku mbili inaanza kumeguka kama biskuti unaacha vipande njiani. Kunja soli kwa nguvu mbele ya muuzaji, kwangua pembeni kwa kucha. Ikitoa unga usichukue hata kwa elfu tano.

Ya nne ndo hivi vipya vya dukani vinavyoitwa ngozi. Siwezi kusema vyote vibaya, vipo vyenye ubao mzuri, kidole kitakwambia. Ila hapa nina la moyoni. Kiatu kilekile, boksi lilelile, rafiki yangu kakiulizia Novemba kaambiwa elfu 25, mimi Januari nimelipa 38. Wanajua mzazi wa Januari hana pa kukimbilia, ada imesimama hapa, daftari hapa, sare hapa, na mtoto hawezi kwenda pekupeku. Nilipowarudishia kiatu cha wiki mbili wakaniambia mama mtoto wako anacheza mpira na kiatu cha shule. Mtoto wa miaka kumi asicheze? Risiti nilipewa karatasi ya kuandika kwa kalamu haina hata jina la duka. Kuanzia sasa bila risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, sitoi hela, na nimewaambia hivo usoni.

Na kuna hili jipya linaniuma zaidi. Wauzaji wameshajua watu wanaamini kazi ya wafungwa, kwa hiyo wanakuonyesha kiatu chochote wanakwambia dada hiki cha magereza hiki, na bei inapanda palepale. Nimeambiwa hivo mara mbili mwezi mmoja. Mara ya pili niliingiza kidole, boksi. Mtu kakaa ndani, kafumua mshono kaurudia mpaka umekuwa sawa, alafu mwingine anachukua jina la kazi yake anauzia karatasi. Huo ni wizi wa mara mbili, kamuibia mnunuzi na kamuibia yule aliyeshona. Akikwambia vya magereza muombe risiti inayoonyesha alikonunua, asipokuwa nayo kinunue kama kiatu cha kawaida au usinunue.

Ya tano vya plastiki. Bei ndogo, maji havijali, mguu unaungua. Kwa mwezi mmoja wa dharura sawa.

Jambo moja la utunzaji kwa wa hapa kwetu, maji ya visima vingi Dodoma yana chumvi, ukifuta kiatu cha ngozi kwa kitambaa kilicholowa maji hayo kikikauka kinaacha ukungu mweupe na ngozi inakakamaa. Piga brashi kavu kwanza vumbi litoke, alafu kiwi. Kikilowa na mvua toa kamba, jaza gazeti, weka kivulini, usiweke juani wala karibu na jiko la mkaa.

Mwanangu kwa sasa anavaa vya kaka yake mkubwa na pamba mbele. Jana usiku nimemsimamisha juu ya karatasi nikamchora miguu yote miwili kwa penseli, jioni kwa sababu mguu unakuwa umevimba kidogo, na nimechora yote miwili maana wa kulia wake ni mrefu kidogo. Shemeji yangu anasafiri Ijumaa na basi la Arusha, ataunganisha mpaka Moshi, karatasi anaibeba yeye. Nimemwandikia chini kwa herufi kubwa: INGIZA KIDOLE.