YYZ kwenye lebo ya begi langu: uzoefu wangu na santuri tano za Rush

Nilipotua Kanada mara ya kwanza, ilikuwa Januari, begi langu lilikuwa na ile karatasi ndefu ya uwanja wa ndege imezungushiwa kwenye mkono wake, imeandikwa YYZ. Ndiyo alama ya uwanja wa Pearson, Toronto. Sikuing'oa. Miezi kadhaa baadaye, kwenye ghala nililokuwa napakia mizigo, mzee mmoja wa zamu yetu aliiona, akaweka kikombe chini, akaanza kugonga boksi kwa vidole: taa, ti, taa, taa. Taa, ti, taa, taa. Taa, taa, ti, ti. Akaniuliza kama naujua wimbo huo. Nikamwambia siujui. "Basi bado hujafika Toronto," akasema.

Wimbo wenyewe unaitwa "YYZ", ni wa Rush, bendi ya roki ya Toronto, na hauna neno hata moja la kuimba. Redio inayowaongoza marubani kuelekea uwanja huo hurusha herufi hizo tatu kwa msimbo wa Morse, nukta na mistari, na Rush wakaufanya msimbo huo kuwa mdundo wa kuanzia. Hauhesabiki nne nne kama tulivyozoea. Unakwenda tano tano, na ukijaribu kuupigia makofi unajikuta umeachwa nyuma.

Sasa nije kwenye bidhaa. Nimenunua toleo la miaka 40 la albamu yao ya Moving Pictures, lililotoka 2022, lile la santuri tano. Moja ni albamu yenyewe, iliyotoka Februari 1981. Nne zilizobaki ni onesho walilopiga nyumbani kwao Toronto, ukumbi wa Maple Leaf Gardens, Machi mwaka huohuo, wakati nyimbo zile bado ni mpya masikioni mwa watu.

Nianze na kilichoniudhi. Boksi la kwanza lilifika kona imebonyea, na santuri ya tatu imepinda. Sindano ilikuwa inapanda na kushuka kama ngalawa kwenye mawimbi. Duka la mtandaoni nililoagizia lilichukua wiki tatu kunibadilishia, na gharama ya kurudisha nililipa mwenyewe. Kwa hiyo ukipokea boksi lako, toa santuri zote siku hiyohiyo, zilaze moja moja juu ya kioo au meza iliyonyooka, uzitazame kwa pembeni. Usingoje wikiendi.

Boksi la pili lilikuja safi, na usiku ule sikulala mapema.

Upande wa kwanza wa albamu una nyimbo nne, na sijui upande mwingine wa santuri ya roki uliojaa namna ile: "Tom Sawyer", "Red Barchetta", "YYZ", "Limelight". Walirekodi Le Studio, kijiji cha Morin-Heights, Quebec, mwishoni mwa 1980. Kwenye santuri hii ngoma za Neil Peart zimekaa mbali mbali, kila moja na mahali pake, mpaka unaweza kuonyesha kwa kidole ipo wapi. Kwenye simu nilikuwa nimezisikia mara mia na sikuwahi kuligundua hilo.

Lakini nisikilizeni, hela yangu nimeiona ilikokwenda kwenye zile santuri nne za onesho. Studio mtu anaweza kurekodi gitaa juu ya gitaa. Jukwaani hawa ni watu watatu tu. Geddy Lee anapiga besi, anaimba, na wakati huohuo anakanyaga vinanda vya miguuni. Mikono ikiachia besi inahamia kwenye kinanda. Alex Lifeson ana gitaa moja la kujaza nafasi ambayo bendi nyingine huweka magitaa matatu. Peart anapiga ngoma, na maneno mengi ya nyimbo ni kazi yake. Nimekulia kwenye santuri za dansi za baba yangu, ambako wimbo unaanza kwa kuimba taratibu, kisha waimbaji wanakaa pembeni na magitaa yanafunguka. Kwa hiyo urefu wa nyimbo za Rush haukunitisha. "The Camera Eye" unakaribia dakika 11 na bado naona unaisha mapema.

Kilichonishinda mwanzoni ni sauti ya Lee. Iko juu mno, inachoma. Ilinichukua wiki kadhaa kuizoea, na mke wangu hajaizoea mpaka leo. Yeye husikiliza "YYZ" tu, kwa kuwa hakuna anayeimba.

Kuna jambo lililonifanya niwapende kabla sijauelewa muziki wao vizuri. Lee na Lifeson ni watoto wa wahamiaji, walianza bendi mwaka 1968 Willowdale, pembezoni mwa Toronto. Wazazi wa Lee walikuwa Wayahudi wa Poland walionusurika kambi za Wanazi. Jina alilopewa ni Gary, ila mama yake, kwa lafudhi ya kwao, lilimtoka kama "Geddy", na marafiki wakalishika hilohilo. Amelibeba miaka yote kwenye majukwaa ya dunia. Mimi ambaye kila siku kazini natamkiwa jina langu kombo, habari hiyo ilinikaa moyoni.

Peart aliingia 1974, na kuanzia hapo hawakubadilishana tena. Mwaka 1975 albamu yao ya tatu haikuuza, na kampuni ya kurekodi ikataka nyimbo fupi za redioni. Wao wakajibu kwa albamu iitwayo 2112, ya mwaka 1976, ambayo upande wake wote wa kwanza ni hadithi moja ya dakika 20. Hiyo ndiyo iliyowaokoa, na baada yake hakuna aliyewaambia tena wapige nini. Nikisikiliza Moving Pictures naona wamefika pale ambapo nyimbo zimefupika lakini hazijarahisishwa. Albamu zao za studio ni 19, na kwangu hii ndiyo kilele.

Peart ndiye ninayemfikiria zaidi sindano inapokwenda. Mwaka 1997 alimpoteza binti yake, wa pekee wakati huo, kwa ajali ya gari, na kabla mwaka mmoja haujatimia mkewe naye akafariki kwa saratani. Akapanda pikipiki, akazunguka kilomita zipatazo 88,000. Wenzake hawakutafuta mpiga ngoma mwingine. Walimngoja, wakarudi na albamu mpya 2002. Onesho la mwisho la watatu hao lilikuwa Agosti 1, 2015, karibu na Los Angeles. Peart alifariki Januari 7, 2020, kwa saratani ya ubongo.

Oktoba 2025 Lee na Lifeson walitangaza kurudi jukwaani mwaka 2026 pamoja na Anika Nilles, mpiga ngoma Mjerumani. Wapo wanaosema wangeacha tu. Mimi nasema wamekaa kimya miaka kumi, hakuna anayeweza kuwaambia wamefanya haraka.

Ushauri wangu wa ununuzi: kama huna gramafoni, onesho lote limo pia kwenye toleo la CD tatu, wala hutahangaika na santuri zilizopinda. Kama unayo, na hujawahi kuwasikia Rush, nunua kwanza albamu peke yake, santuri moja. Ukijikuta unagonga meza taa, ti, taa, taa bila kujua, rudi uchukue boksi zima, uanze na onesho, uipige "YYZ" kwa sauti ya juu kadiri majirani watakavyovumilia.