Walkman ya zamani au kicheza kaseti kipya?

Kaseti zimerudi, na ubishi nao umerudi: utafute Walkman, kicheza kaseti cha mkononi cha Sony, ya miaka ya 1980, au ununue mashine mpya kama FiiO CP13 au We Are Rewind ya Ufaransa?

Kwa bei, Walkman mbovu huuzwa rahisi, ila iliyokwisha kupita kwa fundi mzuri mara nyingi huizidi mpya. CP13 ilitoka kwa takriban dola 100 za Marekani.

Kwenye sauti mimi niko upande wa zamani. Walkman ya Sony WM-D6C hudhibiti mwendo wa kanda kwa kwatzi (fuwele yenye mapigo yasiyoyumba), ina Dolby (mfumo wa kupunguza kelele za kanda), tena inarekodi. Mashine mpya hizi hazina Dolby, hivyo kanda iliyorekodiwa kwa mfumo huo hutoka kali, na ile “shhh” ya nyuma huzidi. Msikilize mpiga kinanda akishikilia noti ndefu: mwendo ukiyumba kidogo tu, sikio linajua.

Lakini uzima? Hapo mpya inashinda. Ina waranti, inachajiwa kwa USB-C, na We Are Rewind ina bluetooth. Walkman iliyolala miaka mingi, ukiifungua, huenda ukakuta mpira wa kuzungushia umeyeyuka kuwa lami nyeusi inayong’ang’ania vidole. Lazima uisugue yote kwa spiriti kabla ya kufunga mwingine.

Una fundi wa karibu na kanda za taarabu za kuhifadhi? Chukua ya zamani. Unasikiliza ndani ya daladala? Mpya inatosha.